Elektroni Mbili za Mwisho: Jinsi Eksirei Inavyopima Joto la Plazima

Mwishoni mwa mwaka 1975 mtambo mpya wa utafiti, Princeton Large Torus, uliofupishwa kwa herufi PLT, ulianza kufanya kazi katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Ulikuwa tokamaki, yaani chumba cha metali kilichopindwa kama mpira wa ndani wa gurudumu, ambamo gesi ya hidrojeni hupashwa moto hadi igeuke plazima, yaani gesi ambayo elektroni zimebanduka kutoka kwenye atomu zake, kisha hushikiliwa na nguvu ya sumaku ili isiguse kuta. Pale ambapo ukingo wa plazima ungeweza kugusa kitu, waliotengeneza mtambo waliweka vizuizi vya tangsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, juu kuliko metali nyingine yoyote. Uchaguzi huo ulionekana wa busara, lakini vipimo vikaleta mshangao: katika majaribio mengi sehemu ya katikati, iliyopaswa kuwa na joto kali kupita zote, ilikuwa na joto dogo kuliko sehemu zilizoizunguka.

Chembe za tangsteni zilikuwa zimebanduka, zikapenya hadi katikati, na huko zikawa zinatoa mionzi mingi kiasi cha kumwaga nje nishati upesi kuliko ilivyoingizwa. Vizuizi hivyo viliondolewa na vya kaboni vikawekwa mahali pake, na katikati ya mwaka 1978 ioni za PLT, yaani atomu zilizopoteza elektroni, zikafikia zaidi ya digrii milioni 60. Kisa hiki husimuliwa kama onyo dhidi ya uchafu ndani ya plazima, na onyo lenyewe ni la haki. Lakini mionzi ile ile iliyoiba joto ilibeba pia habari, na watu wachache katika maabara hiyo walianza kuisoma. Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi habari hiyo inavyosomwa, na kwa nini wasomaji wake wamemtegemea kwa muda mrefu shahidi wa aina moja, yaani atomu nzito iliyobakiwa na elektroni mbili tu.

Ugumu wa kwanza ni wa kupima chenyewe. Ili viini vya deuteri na triti, ambazo ni aina nzito za hidrojeni, viungane na kutoa nishati ya kutosha, huhitajika joto la zaidi ya digrii milioni 100, ilhali kitovu cha Jua kina takriban milioni 15. Hakuna kipimajoto kinachoweza kutumbukizwa humo: kitu chochote kigumu kingeteketea, na kabla ya kuteketea kingeiharibu plazima yenyewe. Isitoshe, plazima haina joto moja. Elektroni zina joto lake na ioni zina lake, kwa kuwa kila mbinu ya kupasha moto hupendelea upande mmoja kabla upande wa pili haujafikiwa. Joto la elektroni lilipata njia yake mapema: mwaka 1969 wanasayansi wa maabara ya Culham, Uingereza, walisafirisha leza yao hadi Moscow, wakaimulika plazima ya T-3, tokamaki ya Kisovieti, na kuthibitisha matokeo ya Wasovieti ambayo mwaka uliotangulia wengi waliyatilia shaka.

Joto la ioni ndilo linaloamua kasi ya viini kuungana, na ndilo gumu zaidi kulipata, kwa sababu ioni za hidrojeni ni bubu. Hidrojeni ina elektroni moja. Ikishaondoka hubaki kiini kitupu, na kiini kitupu hakina ngazi za nishati ambazo elektroni ingepanda na kushuka huku ikitoa mwanga wa urefu maalumu wa wimbi. Katikati ya plazima yenye joto kali, mafuta ya mtambo, yaani hidrojeni yenyewe, hayatoi mstari hata mmoja wa spektra (mwanga uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi yake), na kwa hiyo hutafutwa mgeni wa kusema kwa niaba yake.

Mgeni anayealikwa mara nyingi ni arigoni. Ni gesi iliyomo katika hewa tunayovuta, haishikamani na kuta za mtambo, na hupulizwa ndani kwa kiasi kidogo sana, chini ya atomu moja kwa kila elfu za mafuta, ili isirudie kosa la tangsteni. Atomu yake ina elektroni 18, na kuzitoa ni kama kushughulikia nazi: makumbi hutoka kwa kifuo na nguvu za mikono, lakini kifuu ni kazi nyingine. Elektroni ya kwanza hutoka kwa nishati ya elektronivolti 15.8, elektronivolti ikiwa kipimo cha nishati ya chembe ndogo. Ya kumi na sita hudai 918. Ya kumi na saba hudai 4,121, zaidi ya mara nne ya ile iliyoitangulia, na ya mwisho 4,426. Wanafizikia wa plazima huhesabu hata joto kwa kipimo hicho hicho, ambapo elektronivolti 1,000 ni sawa na digrii milioni 11.6, na hivyo mtu anaweza kuona moja kwa moja kinachotokea joto linapopanda: elektroni za nje huondoka moja baada ya nyingine, kisha mambo husimama kwenye mbili za ndani.

Kusimama huko ndiko kunakoipa arigoni thamani yake. Kuanzia joto la mamia kadhaa ya elektronivolti hadi elfu kadhaa, sehemu kubwa ya arigoni hukaa katika hali moja, ya elektroni mbili zilizokumbatiwa na kiini chenye chaji 18. Wataalamu huiita ioni mfano wa heli, kwa kuwa heli nayo ina elektroni mbili. Tofauti ni nguvu ya mvuto: elektroni ya hidrojeni inaposhuka kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza hutoa elektronivolti 10.2, ambazo ni miali ya urujuanimno, lakini katika arigoni hii mshuko huo hutoa takriban 3,140, na hiyo ni eksirei. Hakuna anayeimulika plazima kwa eksirei kama tunavyofanyiwa hospitalini. Plazima huzitoa yenyewe.

Mshuko huo hauna njia moja. Elektroni iliyopanda inaweza kuwa na mzunguko wake wa ndani unaolingana au kupingana na wa mwenzake aliyebaki chini, na kutokana na hilo hupatikana mistari minne mikuu, iliyo kati ya nanometa 0.3949 na 0.3994. Mwaka 1972 Mwingereza Alan Gabriel aliipa mistari hiyo herufi w, x, y na z, akaziacha a hadi v kwa mistari midogo ya jirani tutakayoifikia. Utaratibu huo umedumu hadi leo, ingawa humchanganya kila anayeanza, kwa sababu mstari wenye nguvu kuliko yote, w, umewekwa karibu na mkia wa alfabeti. Mistari ya pembeni kabisa, w na z, hutofautiana kwa namna inayostaajabisha: ioni hutoa w ndani ya sehemu moja ya trilioni mia moja ya sekunde, lakini kwa z husubiri takriban sehemu moja ya milioni tano, muda mrefu zaidi ya mara milioni ishirini. Katika gesi nzito ioni inayosubiri hivyo ingegongwa na kusahau ilichotaka kusema. Plazima ya tokamaki, hata hivyo, ina chembe chache. Katika kila mita ya ujazo zimo kama moja ikifuatiwa na sifuri ishirini, ambazo ni karibu moja kwa laki mbili na nusu ya molekuli za hewa tunayovuta. Hapo subira inawezekana, kama inavyowezekana katika korona ya Jua, yaani tabaka lake la nje la gesi, ambako Gabriel na Carole Jordan walikuwa wameieleza mistari hii mwaka 1969.

Sasa joto la ioni. Honi ya basi linalokuja husikika nyembamba zaidi kuliko ya basi linalokwenda zake, na hali kadhalika wimbi la mwanga hufupika likitoka kwa ioni inayotujia na hurefuka likitoka kwa inayotukimbia. Ioni za arigoni zimekuwa zikigongana na za deuteri hadi kufikia joto moja nazo, na kwenye elektronivolti 1,000 kasi yao ya kawaida katika uelekeo mmoja ni karibu kilomita 50 kwa sekunde. Kwa kuwa nyingine huja na nyingine huenda, mstari w hautokei kama uzi bali kama kilima chenye upana, na upana huo hukua kwa kipeuo cha pili cha joto. Kwenye elektronivolti 1,000 upana ni asilimia 0.04 ya urefu wa wimbi. Ukiupima kwa uhakika umepata joto la ioni, bila kuhitaji kujua wingi wa arigoni wala wingi wa elektroni, na sijui kipimo kingine cha plazima chenye hoja fupi kuliko hii.

Kuupima kwa uhakika ndiko kunakochukua miaka. Prizimu ya kioo haina msaada kwa eksirei, ila fuwele inao. Atomu za fuwele ya kwatsi zimepangwa kwa matabaka, na kanuni aliyoitoa William Lawrence Bragg, iliyochapishwa mwaka 1913, yasema kwamba kila urefu wa wimbi huakisiwa kwa pembe moja tu, inayotokana na nafasi kati ya matabaka. Matabaka ya kwatsi yanayotumiwa kwa arigoni yameachana kwa nanometa 0.228, na mstari w huakisiwa hapo kwa pembe ya nyuzi 60 hivi. Kitambuzi kikiwekwa mita moja kutoka kwenye fuwele, upana wote wa kilima nilichokitaja huwa takriban milimita 0.7. Vitambuzi vya kisasa vinavyohesabu fotoni moja moja vina vipande vyenye upande wa milimita 0.172, kwa hiyo joto la digrii milioni 11 husomwa kwenye vipande vinne hivi. Eksirei za nishati hii humezwa na hewa ya sentimita chache tu, na kwa sababu hiyo njia yote kutoka kwenye mtambo hufanywa ombwe au hujazwa heli, huku dirisha likiwa bamba jembamba la berili.

Herufi a hadi v zinahusu kitu chenye ujanja zaidi, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika somo hili. Elektroni huru inapopita karibu na ioni yenye elektroni mbili, inaweza kunaswa, na nishati inayoiachia kwa kunaswa ikampandisha mmoja wa wenyeji hadi ngazi ya juu. Ioni sasa ina elektroni tatu, mbili kati yake zikiwa juu. Aliyepanda anaposhuka hutoa eksirei inayokaribia w, ila ndefu kidogo, kwa sababu mgeni wa tatu anafunika sehemu ndogo ya chaji ya kiini. Huo ndio mstari fuasi, na kwa upande wa urefu mkubwa wa w ipo mingi, mmoja wao, j, ukiwa umejibanza karibu kabisa na z kiasi cha kutotengana nao.

Faida yake iko katika masharti ya kunaswa. Ili kutoa mstari w, elektroni inayogonga inahitaji kuwa na nishati ya kutosha tu, iwe 3,200 au 9,000. Ili kutoa mstari fuasi kama k, inahitaji nishati maalumu kabisa, ambayo haipungui wala haizidi, kwa sababu mizani ya ioni lazima ifunge. Joto la elektroni linapopanda, zile zenye nishati hiyo maalumu hupungua zikilinganishwa na zote zilizo juu ya kizingiti, na k hufifia mbele ya w. Mistari yote miwili huanza na ioni ile ile na elektroni kutoka kundi lile lile, hivyo uwiano wake hauathiriwi na wingi wa arigoni wala wa elektroni, bali hufuata joto la elektroni peke yake. Kwa hiyo ndani ya dirisha moja la spektra, la takriban sehemu moja kwa mia ya urefu wa wimbi husika, kuna vipimajoto viwili vya vitu viwili tofauti: upana kwa ioni na uwiano kwa elektroni. Mstari mwingine, q, hutokana kwa sehemu kubwa na ioni ambazo tangu awali zilikuwa na elektroni tatu. Ukionekana kuwa na nguvu kuliko joto linavyoruhusu, maana yake ni kwamba ioni zenye elektroni nyingi zinaletwa katikati kutoka kwenye ukingo wa baridi kabla hazijapata muda wa kumenywa, na hapo spektra inasimulia mwendo wa uchafu.

Kuna kipimo cha tatu. Plazima ikizunguka yote kwa pamoja ndani ya mtambo, kilima cha w husogea chote upande mmoja. Katika Alcator C-Mod, tokamaki ya chuo cha MIT iliyofanya kazi hadi mwaka 2016, John Rice na wenzake waliona mzunguko wa makumi ya kilomita kwa sekunde ingawa mtambo huo ulipashwa moto kwa mawimbi ya redio, bila miale ya atomu ambayo ingeweza kuisukuma plazima. Plazima ilikuwa ikijizungusha yenyewe, na swali la kwa nini limezaa utafiti mwingi hadi sasa. Lakini kasi ya kilomita 10 kwa sekunde huusogeza mstari kwa sehemu moja kwa elfu thelathini tu, ambayo ni theluthi ya kipande kimoja cha kitambuzi kwa vipimo nilivyotoa hapo juu. Fuwele ya kwatsi ikipata joto kwa digrii moja, matabaka yake huachana kiasi cha kuzua kasi ya uongo ya kilomita mbili hadi nne kwa sekunde. Tena hakuna taa ya maabara inayowashwa ili itoe mstari w wa arigoni iliyotulia na kuonyesha ilipo sifuri. Kwa C-Mod walitumia, pamoja na njia nyingine, nyakati ambapo misukosuko ya sumaku iliifunga plazima na kuizuia isizunguke. Hali ambayo waendeshaji wa mtambo huiogopa iligeuka kuwa sifuri ya wapimaji.

Spektromita za kwanza zilitazama plazima kupitia mstari mmoja wa kuona, na zilichokisoma kilikuwa wastani wa kila kilichokuwa njiani, kutoka ukingo hadi kitovu na kurudi ukingo. Manfred Bitter na Ken Hill wa Princeton walipendekeza fuwele iliyopindwa kama kipande cha tufe. Kioo cha namna hiyo kikimulikwa kwa mshazari huwa na kasoro ya kutokutanisha miale mahali pamoja kwa pande zote mbili, na wao waliitumia kasoro hiyo: upande mmoja wa kitambuzi hutenganisha urefu wa mawimbi, na upande wa pili huonyesha plazima ya juu, ya kati na ya chini. Chombo cha aina hiyo kilifungwa kwenye C-Mod, na sasa vipo katika mitambo kadhaa, ukiwemo Wendelstein 7-X wa Greifswald, Ujerumani.

Arigoni ina mwisho wake. Joto likizidi elektronivolti elfu kadhaa, hata elektroni zake mbili za mwisho huondoka, nayo huwa bubu kama hidrojeni. Dawa ni kutumia atomu nzito zaidi, na PLT ilikuwa na chuma kutoka katika kuta zake yenyewe. Mwaka 1979 Bitter na wenzake walichapisha spektra yake yenye elektroni mbili, ambapo w huwa na elektronivolti 6,700. Mstari huo una historia inayopita pwani yetu. Satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini huko Ngomeni karibu na Malindi, na ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Kutoka jukwaa hilo hilo ilirushwa mwaka 1974 satelaiti ya Kiingereza Ariel 5, na mwaka 1976 vipimo vyake vilionyesha eksirei za chuma zikitoka katika gesi ya kundi la galaksi la Perseus. Mwaka 2016 satelaiti ya Kijapani Hitomi iliitenga w, x, y na z za chuma hicho, na kutokana na upana wake ikapata kwamba gesi hiyo inachafuka kwa kasi ya kilomita 164 kwa sekunde. Hoja ni ile ile ya tokamaki, isipokuwa kwamba gesi ya Perseus haina haja ya kufungwa kwa sumaku.

Kwa mtambo wa ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa ili kufikia takriban digrii milioni 150, hata chuma hakitoshi katikati. Iliyopendekezwa ni xenoni, yenye elektroni 54, lakini hapa shahidi wetu hubadilika: kumenya xenoni hadi elektroni mbili huhitaji joto kubwa mno, kwa hiyo itasomwa ikiwa bado na elektroni tatu, au hata kumi. Tangsteni nayo imerudi. Mpango wa ITER uliotangazwa mwaka 2024 umeondoa berili iliyokusudiwa kufunika kuta za ndani na kuweka tangsteni mahali pake, kwa sababu humeguka kidogo na haihifadhi triti nyingi. Kung'oa moja ya elektroni mbili za mwisho za tangsteni huhitaji karibu elektronivolti 80,000, kwa hiyo hata katikati ya ITER itabaki na kumi hivi au zaidi, ikitoa mistari mingi inayopandana. Wakati huo huo, makadirio ni kwamba atomu mbili tu za tangsteni kwa kila elfu kumi za mafuta zinatosha kuizuia plazima isijiwashe, hivyo lazima zihesabiwe.

Na zitahesabiwa katika mazingira ambayo PLT haikuyajua. Muungano wa deuteri na triti hutoa nyutroni zenye nishati ya elektronivolti milioni 14, ambazo hupita katika tundu lolote linalopitisha eksirei na kumwaga kelele kwenye kitambuzi. Njia mojawapo iliyobuniwa ni kuweka kioo cha grafiti njiani: eksirei za urefu unaotakiwa huakisiwa kando, kuelekea kwenye fuwele na kitambuzi vilivyofichwa nyuma ya kinga, huku nyutroni zikiendelea moja kwa moja hadi kwenye kizuizi kizito kilichotengwa kuzimeza.